Kigoma kwenda kusini msimu wa kusi: meli, boti ya mbao au gari?

Kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa swali hili halikauki Kigoma: anayekwenda Kalya, Ikola, Karema, Kipili au Kasanga apande nini? Miezi mingine mtu hutazama nauli na siku ya kuondoka, basi. Msimu wa kusi hesabu hiyo haitoshi, kwa sababu upepo unatoka kule kule unakokwenda. Ziwa Tanganyika limelala kaskazini kwa kusini, urefu wake kilomita 670 hivi na upana wa wastani kilomita 50 tu, tena lina milima pande zote mbili. Kusi ikishaingia katikati ya milima hiyo inapata masafa marefu ya kusukuma maji, na wimbi linalotupiga sisi huku limekuwa likikua tangu mbali. Si wimbi pana la baharini linaloinua chombo taratibu na kukishusha. Ni fupi, limesimama, na mwenzake yuko nyuma yake. Omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, haijamaliza kushuka la kwanza, imeshagongwa na la pili.

Wengi huchagua chombo kwa nauli, na siwalaumu, fedha ni fedha. Ila kwa safari hii naona nauli ni kipimo cha pili. Mbisho, yaani kwenda dhidi ya upepo, utakuchelewesha tu, upende usipende. Unachochagua hasa ni mahali pa kucheleweshewa: gatini ukisubiri meli, ufukweni kwenye kijiji usichokijua ukisubiri upepo upungue, au kwenye kiti cha basi ukizunguka mikoa miwili. Nikilinganisha nitakaa zaidi kwenye meli na boti, maana huko ndiko mtu anakokula, analala na kutapika ndani ya chombo, na huko ndiko uamuzi mbaya unakouma.

Usipime upepo ukiwa bandarini

Bandari ya Kigoma imejificha ndani ya ghuba, na Bangwe inaikinga upande wa kusini. Unaweza kusimama pale saa sita mchana ukaona maji yametulia, mtoto anaoga, ukasema leo ziwa shwari, kumbe nje ya rasi boti zinarushwa. Nenda Katonga au ufukwe wa Ujiji, ambako ziwa liko wazi. Tazama alfajiri, kisha rudi saa nane au tisa mchana. Ukiona povu jeupe juu ya mawimbi hadi upeo wa macho, hiyo ndiyo safari yako.

Tofauti ya alfajiri na mchana haiji kwa bahati. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hewa nzito inateremka kutoka milimani kwenda ziwani, na ukanda wa maji ulio karibu na ufukwe wetu wa mashariki hupata nafuu. Jua likipanda mambo yanageuka, upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu na mawimbi yanapiga mwambao. Ndiyo maana boti za kwenda kusini hupenda kuondoka usiku au kabla ya mapambazuko, na nahodha anayekwambia mtaondoka saa saba mchana katikati ya mwezi wa saba ana haraka ambayo si yako. Zipo pia siku ambazo kusi huvuma usiku kucha bila kupumua. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa maziwa makuu. Usikilize, halafu bado nenda Ujiji ukatazame kwa macho yako.

Meli

Jina linalokuja kwanza ni MV Liemba. Historia yake kila mtu wa Kigoma anayo mdomoni: ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaja vipande vipande hadi Dar es Salaam, ikapandishwa reli, ikashushwa majini hapa mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe, ikaopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la sasa. Abiria wa msimu wa kusi anahusika na jambo moja tu katika hayo yote, nalo ni urefu wake, mita 70 na kitu. Chombo chenye urefu huo hulalia mawimbi kadhaa kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakitumbukii kila shimo. Kinatikisika, kinaguna, vyombo vya jikoni vinagongana, lakini unaweza kusimama ukatembea.

Ubaya wa meli ni ratiba. Vyombo vya aina hii ziwani ni vichache, na kimoja kikiingia matengenezo kinaweza kukaa muda mrefu. Liemba yenyewe imewahi kukaa miaka. Kwa hiyo kabla ya kufunga mizigo, nenda gatini uulize ni meli ipi iko kazini na inaondoka lini. Usitegemee alichokwambia shemeji yako aliyesafiri mwaka juzi.

Ubaya wa pili husahaulika, nao kwangu ndio mkubwa zaidi: kushuka. Kasanga kuna gati, na miaka ya karibuni gati zimejengwa sehemu nyingine za mwambao, Karema ikiwa na bandari kabisa. Lakini kwenye vijiji vingi meli husimama mbali, inapiga honi, na mitumbwi na boti zinakuja ubavuni kuchukua watu na mizigo. Usiku wa mawimbi, zoezi hilo linatisha. Boti inapanda, meli inashuka, mtu ananing'inia mlangoni akisubiri vikutane, huku nyuma yake gunia la mchele linasukumwa na mbele yake mtu anayetaka kupanda anamshika mguu. Ukisikia mtu amevunjika kidole au amepoteza mzigo kwenye safari ya meli, mara nyingi ni hapo, wala si katikati ya ziwa. Kwa hiyo ukilinganisha usalama, usiseme tu "meli ni salama". Uliza kwanza: ninakokwenda kuna gati? Kama hakuna, unapanda meli na boti vilevile, tena boti unaipanda gizani.

Boti ya mbao

Boti yenyewe unaijua: ubao, mashine nyuma, turubai juu, mizigo chini na watu juu ya mizigo. Haina ratiba ya kuandikwa, inaondoka ikijaa. Uzuri wake ni kwamba inakushusha mlangoni. Kijiji ambacho meli hupita mbali, boti inaegesha mchangani, unaruka na viatu mkononi. Na ziwa halina maji kupwa na maji kujaa kama Pwani, kwa hiyo ufukwe ni ule ule saa zote. Aliyezoea kusubiri maji yajae ndipo ashuke, huku hana la kusubiri zaidi ya upepo.

Dhidi ya kusi, boti ina namna mbili za kwenda, na tofauti kati ya hizo mbili ni kubwa kuliko tofauti kati ya boti na meli. Namna ya kwanza ni kukata katikati, kutoka rasi hadi rasi kwa mstari ulionyooka ili kuokoa petroli. Namna ya pili ni kwenda pwani pwani, kufuata kila ghuba, kujificha nyuma ya kila rasi, na mchana upepo ukikaza kuvuta boti mchangani mpaka jioni. Namna ya pili ni ndefu, inachosha, na ndiyo ninayomshauri mtu yeyote. Kwanza maji karibu na mwambao hupata kinga ya milima. Pili, mashine ikizimika katikati ya ziwa boti hugeuka ubavu kwa wimbi, na ubavu ndio unaopinduka.

Wala si ujanja wa leo. Cameron, msafiri Mwingereza, alipopita mwambao huu mwaka 1874 alikwenda hivyo hivyo, usiku kucha kambini ufukweni. Stanley, msafiri mwingine wa Kizungu, aliondoka Ujiji mwezi wa sita mwaka 1876, kusi ikiwa imekolea, akalizunguka ziwa lote kwa mashua yake. Ilimchukua siku 51.

Mashine imebadilisha kitu kimoja. Chombo cha tanga hakiwezi kwenda uso kwa uso na upepo. Hubisha, kinakwenda mshazari kulia, kinageuka, kinakwenda mshazari kushoto, na hata kikiweza kukata upepo kwa nyuzi 45, safari ya kilomita 100 inakuwa zaidi ya 140. Majahazi ya Arabuni yaliikwepa kazi hiyo: yalikuja na kaskazi, upepo wa kaskazini, yakakaa, yakarudi na kusi. Boti yenye mashine inaweza kuelekea kusini moja kwa moja, lakini inalipa kwa petroli na kwa mbao zake, maana kila wimbi ni kipigo. Nahodha mzuri hapunguzi mwendo tu, hukata wimbi kwa mshazari kidogo, akitumia bega la omo badala ya pua. Ukiona mashine inanguruma kwa nguvu ile ile juu ya wimbi na chini ya wimbi, mkono ulioshika usukani hausikilizi maji.

Kutoka Kigoma kuna mahali ambapo tofauti hii huonekana wazi. Mdomo wa Malagarasi maji ni ya udongo, na mto unapokutana na wimbi la kusi panachafuka. Mbele kidogo ni Rasi ya Kabogo, ambayo wasafiri wa karne ya kumi na tisa waliandika jinsi wapiga makasia walivyoiogopa. Kisha milima ya Mahale, kilele chake Nkungwe kikiwa mita 2,462, inasukuma nchi kavu ndani ya ziwa, na kuizunguka Rasi ya Kungwe ni kutoka kwenye kivuli na kuingia kwenye upepo wote kwa mara moja. Hapo ndipo nahodha wa pwani pwani atakwambia, "Tunalala." Usigombane naye.

Mazungumzo ninayopenda kuyasikia mwaloni, pale boti zinapoegesha, kabla sijamwambia mtu "panda" ni kama haya:

"Mwanangu, kesho asubuhi tutakuwa Kalya?"

"Mama, tukishapita Malagarasi ndiyo nitakwambia."

Huyo ni nahodha. Anayekutajia saa ya kufika, katikati ya mwezi wa nane, anakutajia saa ambayo atataka kuitimiza.

Mchana na usiku ndani ya chombo

Usingizi kwanza. Kwenye meli, ukiwa na fedha ya chumba, unalala kitandani: vyumba vya watu wawili kwa daraja la kwanza, watu wanne kwa daraja la pili. Daraja la tatu ni viti, na viti vikijaa ni sakafu, kichwa juu ya begi na mkono juu ya begi. Kelele za mashine hazikomi na kila kituo kina honi, taa na watu wanaoitana. Hata hivyo unalala, kwa sababu uko mkavu. Kwenye boti hulali, unasinzia. Rasharasha inakuja juu ya ubao kila dakika, turubai linapigapiga, na baridi ya mwezi wa saba juu ya nguo mbichi mtu wa Kigoma mjini haiamini mpaka imkute. Leta koti, si kitenge peke yake. Usingizi wa kweli wa boti ni ule wa mchana ufukweni, chini ya mwembe, upepo ukivuma na nahodha akikoroma. Wapo wanaouona huo ndio uzuri wa safari, na mimi ni mmoja wao, lakini sina mtu anayenisubiri na kalenda.

Chakula kinatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Meli ina mgahawa: wali au ugali, samaki au nyama, chai. Siku ya mawimbi makubwa wapishi nao ni binadamu, kwa hiyo chai inaweza kuwa ndiyo yote. Kwenye kila kituo mitumbwi huleta mihogo, ndizi, samaki wa kukaanga, hata kuku hai kwa mwenye kupenda usumbufu. Boti haina cha mgahawa. Kukiwa shwari kuna anayewasha jiko la mkaa ndani ya karai la mchanga akasonga ugali. Mbisho ukianza, moto huzimwa na kinachobaki ni ulichobeba. Muhogo wa kuchemsha, chapati, karanga na dagaa waliokaushwa vizuri huvumilia. Wali na mchuzi wa mawese havifai, kwa sababu ambayo utaiona mawese yakishamwagika kwenye begi la jirani.

Maji ya kunywa: beba. Mtu wa baharini atashangaa, maana ziwa zima ni maji baridi na ndoo ni moja tu kuliteka. Lakini mwambao wetu umewahi kupata kipindupindu zaidi ya mara moja. Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, kijiji cha mpakani, na Liemba ikawa inawasomba kuja Kigoma, ugonjwa huo ulienea ufukweni. Kuteka maji mwaloni na kunywa ni bahati nasibu. Na mnapolala kwenye kijiji, usisimame muda mrefu kwenye maji tulivu yenye majani. Kichocho hukaa huko.

Choo. Meli inacho, na hali yake siku ya pili ya safari sitaieleza. Boti haina. Wanaume wanamalizana na ubavu wa boti. Wanawake wanasubiri ufukwe, na hili peke yake ni sababu tosha ya mama au binti kutaka boti ya pwani pwani inayosimama, au kuacha boti kabisa. Sijawahi kusikia nahodha akilitaja wakati wa kutafuta abiria. Mwulize wewe, mbele ya watu.

Kichefuchefu hakibagui. Kwenye meli kaa chini na katikati, kule omo na tezi, yaani mbele na nyuma, ndiko kunakoruka zaidi. Kwenye boti ukae katikati kuelekea nyuma, ila si karibu na mashine kiasi cha kuvuta moshi wa petroli, kwani moshi huo humaliza kazi ambayo wimbi limeianza. Tazama milima, usitazame simu. Tangawizi ya kutafuna husaidia wengine. Tumbo tupu ni baya sawa na tumbo lililojaa.

Kazi pia ni sehemu ya siku. Kwenye meli abiria ni abiria: bao, karata, hadithi. Kwenye boti yenye mbisho kuna maji ya kufua, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, na dumu lililokatwa likikufikia mkononi, unafua. Hakuna anayeuliza kama una shahada.

Gari

Hili nalipita haraka. Kigoma kwenda Uvinza, Mpanda, Sumbawanga, kisha Matai na kuteremka Kasanga. Upepo haukuhusu, na siku ya kufika inakaribia kukadirika. Kwa anayekwenda Kasanga au Sumbawanga yenyewe, msimu wa kusi sioni kwa nini ahangaike na ziwa, labda awe na mzigo mkubwa. Kwa anayekwenda Karema au Ikola, unafika Mpanda halafu unateremka ziwani, bado ni nafuu. Treni nayo ina tawi la Kaliua hadi Mpanda, kwa asiyependa basi. Lakini kwa vijiji vya chini ya Mahale gari si jibu. Milima imekaa kati ya barabara na ufukwe, na utajikuta umezunguka siku nzima ili mwishowe upande boti ile ile, kutoka upande mwingine.

Nani apande nini

Mwenye watoto wadogo, mjamzito, mzee, au mgonjwa anayerudishwa kwao: meli, na kama meli haipo, gari hadi mahali pa karibu kabisa. Nisingempandisha boti kwa sababu nauli ni ndogo. Kama kijiji hakina gati, apige simu mapema ndugu waje na boti nzuri ubavuni mwa meli, wasiwaachie wachukuzi wa usiku.

Mfanyabiashara mwenye magunia: meli ikiwapo, bila kufikiri mara mbili. Wimbi la boti hulowesha sukari na unga, na boti iliyobeba mzigo wako wote imebeba na mzigo wa wengine kumi. Mzigo mzito hushusha ubao karibu na maji, na wimbi la mbele huingia bila kupiga hodi.

Mwalimu au muuguzi anayeripoti kazini tarehe fulani: gari hadi linapofika, na siku mbili za akiba. Boti ya pwani pwani haijui tarehe.

Kijana mwenye begi moja, anayekwenda kijiji cha Mahale au Kalya, na asiyedaiwa siku: boti, kwa masharti. Jaketi okozi awe nalo mwilini, si chini ya magunia. Ahesabu watu kabla ya kuondoka, na aangalie ubao umebaki mkono mzima juu ya maji. Aone petroli ya akiba na, ikiwezekana, mashine ya pili. Aulize watalala wapi. Kama jibu ni "hatulali", ashuke. Begi moja halina uzito wa kumzuia.

Kurudi kaskazini hesabu hugeuka. Kusi inakusukuma mgongoni, boti iliyokwenda kwa taabu inarudi kwa muda mfupi zaidi, petroli inabaki, na watu wanaimba. Boti za Kagunga na Gombe, kaskazini mwa Kigoma, zinalijua hili kila siku kwa kinyume chake: zinatoka Kibirizi mchana upepo ukiwa nyuma, na kurudi zinawahi alfajiri kabla haujakaza. Ila wimbi la nyuma lina tabia yake. Huliangalii, linakujia tezi, linainua sehemu ya mashine, na boti nyepesi inaweza kuteleza nalo hadi ikageuka ubavu. Kwa hiyo hata kwenye safari ya kurudi, mwangalie nahodha shingo: anayegeuka kutazama nyuma mara kwa mara ndiye wa kupanda naye.